Mgomba wa Austine

Pale mpakani Busia, Okwara, mwendesha boda ya baiskeli, alijulikana kwa miguu. Mpe abiria na gunia lake la mahindi, atapanda nao kilima bila kutweta. Basi Brendah, mwalimu wa michezo ambaye Okwara alimbeba kila asubuhi, alipomweleza habari za trayathloni, yaani kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio bila kupumzika, wenzake wa stendi walisema huyo ameshashinda. Baiskeli na mbio, hakuna neno. Lakini maji? Aka! Maji yalikuwa jambo jingine kabisa.

Mto Nzoia ulipofurika kule kwao Rukala ulimchukua Austine, mdogo wake, na mwili haukuonekana. Wazee wakakata mgomba, wakauvika blanketi, wakauzika mahali pake. Mama yao, Selpha, hakutoa chozi. Ila tangu hapo hakukaribia tena mto wala ziwa, na Okwara akakatazwa kutia hata mguu.

Alijifunza kuogelea hivyo hivyo, Jumapili baada ya ibada, ziwani Port Victoria, Brendah akimshikilia tumbo kama mtoto mchanga. Alimeza maji, akalia, wala hakuona haya. Medali ya nini? Alikuwa amechoka kuyaogopa maji yaliyommeza ndugu yake.

Watu nao hawakosi midomo. Habari zilipomfikia mama, alisema neno moja tu: "Ukiingia, mgomba wa pili nitaukata mwenyewe."

Maneno hayo yalimkaa Okwara kifuani siku nyingi. Siku ya mashindano aliingia nayo majini. Akatoka wa mwisho, meno yakigongana, akarukia baiskeli yake ya kazi, keria yenye sponji ya abiria bado iko nyuma, maana hata hakufikiria kuitoa.

Njia ilipita Rukala. Kando ya barabara mwanamke mmoja akainua mkono, na Okwara, boda ni boda, akafunga breki kabla hajamtazama usoni. Kumbe ni mama.

Selpha alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. Nywele zilikuwa bado mbichi. Akavinusa vidole vyake, vilinuka ziwa.

"Umetoka?"

"Nimetoka, mama."

Hapo ndipo Selpha alipolia, kilio cha msiba kabisa, kile ambacho mgomba haukukipata. Watu wakasimama kutazama. Alipotulia, akashika keria kwa nyuma, akaisukuma.

"Haya, nenda. Wenzako wamekuacha."