Jino Lisilosikia

Hakuna kitu ambacho kingeweza kunishangaza tena. Nilikuwa nasema hivyo mbele ya watu, kwa sauti, na nilikuwa na haki. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akaanza kuleta samaki kutoka mtoni Kasenga kwa baiskeli, mzigo nyuma unampita kimo, na leo ana kamio mbili, malori makubwa, na depo yake mwenyewe ya samaki Kampemba, hapa Lubumbashi, mtu huyo amekwisha kuona. Nimeona daraja likichukuliwa na maji, mimi nikiwa upande mbaya na tani tano za samaki. Jino ndilo linishangaze?

Lilinishangaza. Mara mbili.

Kwanza nieleze kazi yangu. Watu wanadhani kazi yangu ni kununua na kuuza. Hapana, kazi yangu ni kuuma. Samaki wa moshi wakifika, nachukua mmoja katikati ya gunia, si wa juu, maana wa juu ndiye wa kudanganyia. Naweka mkia wake kwenye jino la mbele na kubana polepole. Ukikatika kwa mlio, samaki amekauka. Ukijikunja, ana maji ndani, na hata wiki haitapita kabla hajaota ukungu. Wamama wa soko, wanaoniita papa kama baba yao, wanajua. "Hii gunia, papa alishaiuma?" Nikisema ndiyo, hawafungui hata kamba. Lubumbashi nzima sijui mwingine mwenye jino la namna hiyo.

Siku moja nikauma, kumbe ndani mlikuwa na ndoano. Mvuvi aliisahau, moshi ukaificha. Jino likapasuka hadi kwenye mzizi, likatolewa, na asubuhi yake wamama walikuwa wananingoja.

"Papa, mulango ya depo iko wazi!"

"Mumuache, anapitisha hewa, samaki isioze."

Nilicheka nao. Lakini nilicheka na mkono mdomoni, na mimi si mtu wa kufunika mdomo.

Munganga, yaani daktari wa meno, aliyelitoa alikuwa mwanamke kijana, umri wa mtoto wangu wa kwanza, mfupi hadi anapanda kwenye kibao ili anifikie vizuri. Anafanyia kazi upande wa Karavia. Alinionyesha meno ya kuvaa na kuvua. Nikamwambia, "Mama, kofia ndiyo navua. Meno, hapana." Akacheka, akanieleza njia nyingine: visi, yaani skrubu ya titani, inaingizwa ndani ya mfupa wa taya, mfupa unaishika kwa miezi, kisha jino jipya linafungwa juu yake.

Hiyo sasa ndiyo lugha ninayosikia. Buloni! Bolti kabisa! Nililipa, nikangoja miezi mitano, na aliponionyesha picha ya mionzi nilivua kofia. Mfupa ulikuwa umekuja wenyewe, umekumbatia chuma pande zote. Nimefunga buloni tangu ujana wangu, sijaona ukuta unaotembea kwenda kuishika buloni. Picha ile niliiweka kwenye simu, nikamwonyesha kila mtu, hadi polisi wa barabarani.

Munganga alinipa pia maagizo. Kuswaki asubuhi na jioni, kupitisha brosi ndogo kama ya kusafishia chupa pembeni mwa lile jino, kurudi kila miezi sita. Niliyasikiliza kama tunavyosikiliza matangazo mwisho wa misa. Chuma nakiswaki kwa nini? Buloni za kamio naziswaki? Meno yangu ya kuzaliwa niliyaswaki kweli, hayo yanaoza. Lile la bei kali nililiruka, na chakula kikinasa pale nilichokoa na kijiti cha kiberiti.

Kulikuwa na jambo moja sikumwambia mtu. Siku ya kwanza ya kuuma samaki na jino jipya, mkia ulikatika vizuri, masikio yangu yalisikia mlio, lakini jino lenyewe halikuniambia kitu. Kimya. Kama kuuma ukiwa umevaa glavu. Nikahamia jino la jirani, wamama hawakugundua.

Mwaka ukapita na kitu, mke wangu akaanza.

"Papa, mudomo yako inanuka."

"Ni samaki. Hii harufu njo ilijenga hii nyumba."

"Samaki najua. Miaka makumi mbili nalala na samaki. Hii haiko samaki."

"Kama haiko samaki, nitakulipa kitenge. Chagula bei weye mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayeandika kichwani. Nami niliendelea na maisha. Mtu wa samaki akiambiwa ananuka, ni kama mwashi kuambiwa ana vumbi.

Kisha ikafika miezi ya kufunga uvuvi, samaki waachwe wazae. Kamio zikalala. Depo tukaiosha kwa sabuni hadi panya wakahama. Wiki tatu nilikula bukari, ugali wetu, na maharagi, bukari na mboga ya lengalenga, samaki hata kwa macho hapana. Mchana mmoja mke wangu aliweka sahani mezani, akainama karibu na uso wangu, akanusa kama anavyonusa nyama sokoni kabla ya kubishania bei.

"Fungua mudomo."

"Niko nakula."

"Fungua, papa. Samaki haiko Kampemba, haiko Kasenga, haiko mu hii nyumba. Sasa hii harufu inatokea wapi?"

Nimebishana na watu wa forodha nikawashinda. Pale nilifungua mdomo. Alileta kioo, akainua mdomo wangu wa juu kwa kidole gumba. Ufizi kuzunguka lile jino ulikuwa mwekundu, umevimba, unang'aa kama pera lililoiva kupita kiasi. Akabonyeza. Damu ikatoka, na nyuma ya damu, usaha.

"Inauma?"

"Hapana."

Hilo "hapana" ndilo lililonitisha. Kitu kinaoza ndani yako na hakipigi hata hodi. Nikafikiria mfupa uliokumbatia chuma, nikafikiria mlango wa depo kuwa wazi tena, na safari hii pengine bila ukuta wa kushika buloni nyingine. Kesho yake nilikuwa Karavia kabla munganga hajafungua.

"Papa, unaswaki?"

"Kila siku."

Hakubisha. Alinipaka dawa ya rangi kwenye meno yote, akaniambia nisukutue, akanipa kioo. Meno yangu ya kuzaliwa yalikuwa safi. Kuzunguka jino la buloni kulikuwa zambarau kama divai ya misa, rangi imeganda kwenye uchafu.

"Basi hii, papa," akasema polepole, "ya bei kupita yote, nani alikuwa anaiswaki?"

Sijawahi kupigwa vizuri namna ile, tena kwa heshima.

Akanieleza. Buloni haiwezi kuoza, nilikuwa na haki. Kinachougua ni nyama na mfupa vinavyoishika, na hivyo ni vya kwangu, si vya chuma. "Jino ya kuzaliwa iko na nyuzi kiloko, nyembamba sana, inaishikilia mu mufupa, njo inakuletea habari. Hii haina. Haisikie kitu. Mufupa inaweza kwisha, haitakwambia." Nikakumbuka ule mkia wa samaki na ule ukimya. Kumbe jino lilikuwa limeniambia tangu siku ya kwanza.

Akapitisha kijiti chembamba chenye alama kuzunguka ufizi, akipima. Damu kila mahali. Kisha picha. Kama mfupa ulikuwa umeshuka sana, alisema, buloni ingetoka. Alisogeza ile picha kwenye mwanga, akaweka ya zamani kando yake, akatazama moja, akatazama nyingine. Mimi niliyengoja maji ya mto yapungue siku nne sikuweza kungoja dakika ile.

"Mufupa ingali pale. Nyama njo inagonjwa. Ulikuya mbele ya kuchelewa."

Karibu saa nzima alisafisha, na chombo laini, maana buloni ukiikwaruza uchafu unapata mahali pa kujificha. Hakuharakisha, hakuchoka, mkono haukutetemeka hata mara moja. Nimetafuta mafundi maisha yangu yote, na huyu, angekuwa fundi wa kamio, ningemnyang'anya kwa mshahara wowote.

Miezi mitatu nilitumia brosi ndogo asubuhi na jioni, mke wangu akishika kioo na kusema "bado" kila nilipodhani nimemaliza. Kijiti cha kiberiti alikitupa. Niliporudi Karavia, munganga alipitisha kile chombo chake cha kupimia, mbele, pembeni, nyuma. Akakiinua kwenye taa. Hakuna damu.

"Papa, jino yako inabakia."

Kamio ziliporudi kutoka Kasenga niliuma gunia la kwanza mbele ya wamama wote, na jino la jirani, lile linalosikia, na nikawaambia kwa nini. Wawili wakafungua midomo pale pale nitazame ufizi wao. Mke wangu alisimama mlangoni akiwa amevaa kitenge nilichomwahidi, na alikuwa amechagua bila huruma.

Kutoka ndoano hadi siku ile, kitenge kikiwa ndani, jino hilo lilinigharimu dola elfu moja mia nne sabini na tano, na faranga elfu tisa za brosi ndogo.