Mpinzani Wangu wa Raundi ya Kwanza

Ukumbi wa Hale ulinguruma hata ukiwa mtupu. Mngurumo ulitoka kwenye mitambo ya umeme kule mtoni, ukapita chini ya sakafu, ukapanda miguu ya viti mpaka nikausikia kwenye meno. Ulikuwa msimu wa masika, nami nilikuwa darasa la sita. Tulitoka Handeni kwenda kushindana sataranji na wenzetu wa Korogwe. Wachezaji wote, sisi na wao, tulikuwa kumi na mmoja. Majina kwenye orodha yalikuwa kumi na mawili. Jina la ziada lilikuwa la Nasieku, binti wa wafugaji, mwenzangu wa dawati moja, aliyefariki kwa homa majuma matatu kabla. Mama yake alisafiri nasi. "Mwalimu, msimfute bado," alimwomba Mwalimu Mhina. "Alijiandaa sana." Mwalimu alikubali, maana hata hivyo mmoja wetu angekosa mpinzani na kupata pointi ya bure. Karatasi zilipochotwa kwenye kofia, Nasieku akaniangukia mimi.

Sheria ilitaka nimsubiri saa nzima. Niliketi mbele ya kiti kitupu, mama yake pembeni amefumba macho. Nikatoka kunywa maji. Niliporudi, farasi mweupe wa upande wa Nasieku alikuwa amesogea. Ndivyo Nasieku alivyokuwa akianza michezo yake yote, hata mwalimu alipomkataza. "Mama, nani amegusa?" niliuliza. Akafumbua macho taratibu. "Sijaona mtu, mwanangu." Yeye hakujua hata kete zinavyokwenda. Nilimrudisha farasi mahali pake, nikaandika kwamba nimeshinda. Asiyekuwapo na lake halipo, nilijiambia.

Raundi zilikuwa tatu tu, kwa kuwa gari la wenzetu wa Bungu, kule Korogwe, lilitaka kuwahi kabla ya mvua. Baada ya raundi ya pili tulibaki watatu wenye pointi mbili mbili. Wawili wakakutanishwa, mimi nikapewa mtoto mnyonge mwenye pointi chache kuliko zangu. Mwishoni Shekue wa Bungu na mimi tulikuwa na tatu tatu, na hatukuwahi kukaa meza moja. Yeye alishinda watu watatu, mimi wawili. Nafasi ya kwenda mashindano ya mkoa Tanga ilikuwa moja. Mwalimu akarusha sarafu, ikaniangukia mimi. Shekue alinipa mkono. "Ingekuwepo raundi ya nne," alisema, "tungejua." Huko Tanga nilifungwa michezo yote.

Siku hizi mimi ndiye ninayeandaa mashindano ya shule Korogwe. Kompyuta hupanga nani akutane na nani, raundi ni tano, pointi ya bure humwendea aliye mkiani, na asiyefika hufutwa kwa kubonyeza mara moja. Haki ya sasa ni bora kuliko ile yetu; sibishi. Mwaka huu mtoto mmoja wa Kwashemshi hakutokea. Kidole kilikuwa tayari juu ya jina lake, nikakiondoa, nikapiga simu kwao kwanza. Alipokea mwenyewe. Akakohoa, akasema, "Mwalimu, leo naumwa." Ndipo nikamfuta.