Mvua Haitangazwi kwa Mkono Mkavu

Ambili wa Kunnamkulam, mji mmoja wa Kerala, alikuwa na kigugumizi, na katika maneno yote ya dunia, lililomshinda zaidi ni jina lake mwenyewe. Mzaha gani huo, mtu kubandikwa jina asiloweza kulitamka! Kwenye karakana ya kujalidi vitabu alikofanya kazi, simu ikilia alichovya mikono yote miwili kwenye gundi ili asiombwe kuipokea. Sokoni mama yake ndiye aliyemsemea kwa muuza samaki. Na siku alipoletewa mchumba wa kumwona, aliingia na sinia la chai, yule kijana akamuuliza kwa upole, "Unaitwa nani, dada?" Ambili akaanza: A... A... A... Chai ikapoa vikombeni. Mwishowe shangazi wa mchumba akamalizia, "Ambili, anaitwa Ambili, anaona haya tu." Wakala ndizi za kukaanga, wakaaga, na hawakuonekana tena.

Wiki ileile akajiunga na Thinna.

Thinna maana yake ni baraza, na kweli lilikuwa baraza, ila la mtandaoni. Usifikirie ile mitandao mikubwa yenye tajiri mmoja anayewauza watu kwa wenye matangazo. Kaka Sudhakaran, karani wa chama cha ushirika, aliweka kompyuta kuukuu juu ya kabati la vyombo nyumbani kwake, akawakaribisha watu waje wapige soga bure. Kule kusini, Alappuzha, fundi pikipiki aitwaye Jossy alikuwa na baraza lake, Kadavu. Kaskazini, Kozhikode walikuwa na lao, Kasaragod na lao. Kila baraza na mwenyewe, na baina yao ipo milango. Mtu wa Thinna akimfuata mtu wa Kadavu, maneno yanavuka mlango na kumfikia, kama majirani wanavyopeana mboga juu ya ua. Sultani hakuna. Ugomvi ukizuka mnaumaliza wenyewe, na msipoumaliza, basi kila mtu na lwake.

Ambili akajiita Pilipili Kichaa, na pilipili akawa kweli. Maneno yaliyokwama kooni tangu utotoni yalipata njia ya vidoleni, yakamwagika yote pamoja. Mtu akiandika upuuzi asubuhi, kufikia saa nne ameshararuliwa. Watu wakamwogopa, naye akafurahi, maana hakuwahi kuogopwa na yeyote, hata na paka wa nyumbani.

Aliyemweza ni bibi mmoja tu, Thankamma wa Kadavu. Bibi huyu alisokota kamba za makumbi kiwandani mpaka mgongo ukapinda, na mjukuu wake alimfundisha kutumia simu kabla ya kwenda kutafuta maisha Ghuba. Kila mtu alimwita Ammachi, kama wanavyoitwa bibi wa huko. Ammachi hakujali nani anagombana na nani. Alijitosa katikati ya vita na swali lake.

"Pilipili wangu, umekula?"

"Ammachi, ngoja kwanza, kuna mjinga hapa namnyoosha."

"Mnyooshe, sikukatazi. Lakini umekula?"

"Bado."

"Ndiyo maana. Nenda kale muhogo, mjinga hatakimbia."

Ambili alikwenda akala, akirudi hasira imepungua nusu, na mjinga naye mara nyingine amekwishaomba radhi. Ikawa desturi yao. Siku moja Ammachi alimwandikia, "Kamba ukiisokota kwa hasira inakaza mno, halafu inakukatikia mkononi. Nimezikata nyingi nilipokuwa kigoli." Ambili alilisoma neno hilo mara kadhaa siku ile.

Miaka ikaenda. Pilipili hakugeuka sukari, nisikudanganye, lakini alianza kuuliza kabla ya kurarua. Mgeni akiingia Thinna hajui pa kukaa, yeye ndiye aliyempokea na kumwonyesha. Hata Kaka Sudhakaran alipoona kazi imemzidi, alimpa Ambili funguo za baraza, awe na uwezo wa kumtoa mkorofi na kufunga mlango ikibidi. Ila jambo moja hakumwambia mtu. Ammachi alipomwomba ampigie simu, Ambili alisema mtandao mbovu, au spika imekufa, au mama amelala. Huko barazani alikuwa mtu mzima asiyekwama, na alitaka abaki hivyo kwa Ammachi.

Mabaraza hayo yana mila yao ya mvua, na mimi naipenda kuliko sikukuu nyingi. Masika ya Kerala huanzia kusini na kupanda kaskazini. Mwezi wa sita ukikaribia, kila mtu ana mmoja wa kusini kwake anayempa mvua na mmoja wa kaskazini anayempelekea. Ikianza kunyesha kwako unatoka nje, unanyoosha mkono, unaandika: "Mkono wangu umelowa. Nakupa wewe." Utabiri wa televisheni hauhesabiki. Ukitangaza na mkono wako mkavu utachekwa mpaka masika yajayo. Kunnamkulam ilipewa mvua na Ammachi kila mwaka, na Ambili aliipokea akaituma Kozhikode.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya masika, mlevi fulani wa Kadavu akaamua kuchekesha watu. Aliandika hadithi ya bwana harusi mwenye kigugumizi, na kila neno la maskini huyo akalirudia mara tatu. Watu wakacheka. Hakujua Ambili ni nani wala ana nini. Lakini Ambili, aliposoma, alirudi palepale mbele ya sinia la chai, na shangazi wa watu anammalizia jina lake.

Hakula, wala hakumuuliza mtu. Angeweza kumnyamazisha yule mlevi peke yake. Yeye akaufunga mlango wa Kadavu mzima, tap, na watu mia tatu waliomo.

Hasira ni hasara. Baada ya siku chache ilimtoka, akajuta, akaufungua. Akakaa kusubiri "Umekula?" ya Ammachi. Haikuja. Kesho yake haikuja, wala wiki iliyofuata. Ambili akajiambia, amesikia nilichofanya, amekasirika, na ana haki. Aibu ikamziba. Aliandika neno akalifuta, akaandika tena akalifuta, mwisho akaacha. Chakula kikawa kinamchachia sahanini, na mama yake akaanza kuuliza kama kuna mchumba aliyemwacha.

Mwezi wa sita ukaingia. Asubuhi moja, Ambili yuko kwenye baraza la karakana anapanga karatasi, mvua ikamwagika bila hodi. Ilimlowesha mabega na karatasi pia. Simu yake haikuwa na kitu. Kozhikode wakaandika, "Pilipili, vipi mwaka huu? Tumelowa kama kuku, na mvua hatujapewa!" Watu wakatania. Ambili hakuweza kutania. Aliomba ruhusa kazini, akaenda mpaka nyumbani kwa Kaka Sudhakaran.

Kwake aliweza kuzungumza, maana Sudhakaran ni mtu asiye na haraka. Alimweleza kwa tabu, neno kwa neno, kwamba Ammachi amemsusia.

"Amekususia?" Sudhakaran akavua miwani. "Kwani ulipoufungua ule mlango ulimfuata tena?"

"Ku-ku-kumfuata tena? Nilikuwa na-namfuata tangu zamani!"

"Lo, Ambili! Mlango ukifungwa, kamba zote zilizopita hapo zinakatika. Yako kwake, yake kwako, na za watu wote. Kuufungua hakuziungi. Kila mtu aende akabishe hodi upya."

"Mbona hu-hukuniambia?"

"Funguo unazo wewe, nikadhani unajua. Na yale aliyokuandikia siku za mlango kufungwa yaligonga ubao wa mlango yakaanguka. Hayaji tena hayo."

Ambili akakaa chini, pale pale sakafuni. Kwa hiyo bibi wa watu aliuliza na kuuliza, na hakuna aliyemjibu. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alidhani ametupwa. Ambili akalia mbele ya Kaka Sudhakaran, na Sudhakaran akasugua miwani yake iliyokuwa safi tayari.

Akabisha hodi kwa Ammachi. Kimya. Basi akafanya jambo ambalo zamani asingelifanya hata kwa dawa. Aliandika hadharani, watu wa Kadavu wote wasome: "Nilifunga nyumba nzima kwa kosa la mtu mmoja. Mimi mwenyewe nina kigugumizi, hadithi ile ilinichoma. Lakini nyinyi wengine hamkunikosea. Nisameheni." Kisha akamuuliza Jossy habari za Ammachi.

Jossy hakumpa asali. "Tulimfukuza yule mlevi siku ileile, dada. Hukusubiri hata chai ipoe."

"Ni kweli."

"Ammachi hafungui tena baraza. Anasema vijana wakichoka na mzee husema mtandao mbovu. Simu yenyewe anaipokea tu kwa ajili ya mjukuu." Halafu akamtumia namba. "Mpigie. Na pole kwa ile hadithi. Mimi pia nilicheka."

Kupiga simu! Nakwambia, Ambili angeona nafuu kutembea kwa miguu mpaka Alappuzha. Mchana huo, alipokwisha kurudi kazini na wenzake wamekwenda kula, alisimama kwenye baraza la karakana, mvua inamiminika mbele yake, akabonyeza.

"Haloo?" Sauti ilikuwa nyembamba kuliko alivyoiwaza. "Nani?"

"A... A... A..."

Akasubiri amaliziwe. Au simu ikatwe. Upande wa pili palisikika mvua tu, na pumzi ya mtu mzee.

"Pole pole, mwanangu," Ammachi akasema. "Nimekaa. Siendi popote."

"A... A... Ambili."

"Ambili?" Bibi akafikiri. "Mimi simjui Ambili."

Na kweli hakumjua. Miaka yote ile, hata jina hakumpa! Ambili akafumba macho.

"Pi... pi... Pilipili. Ni Pi-pilipili."



"Umekula?" Ammachi akauliza, na sauti ikatetemeka.

"Si-sijala."

"Ndiyo maana umekonda sauti."

Wakacheka, na wote wawili walikuwa wanalia. Ambili akamweleza habari ya mlango, akikwama kila hatua, na Ammachi hakumsukuma hata mara moja wala hakumwokotea neno. Alipomaliza, bibi alishusha pumzi.

"Mimi nikadhani nimekuchosha. Kila siku umekula, umekula. Nani hachoki?"

"M-mimi sichoki."

"Basi sikiliza. Mvua hapa ilianza zamani, lakini mwaka huu sikuiandika. Ningempa nani? Ngoja." Zikasikika hatua za kuburura na mlango ukilia, kisha mvua ikaongezeka masikioni. "Mkono wangu umelowa, Pilipili. Nakupa wewe."

Mvua ilikuwa ikinyesha Kunnamkulam tangu asubuhi, na Ambili alikuwa tayari ameshalowa mgongo na miguu. Alinyoosha mkono nje ya baraza hata hivyo, akauacha ujae maji.

"Mko... mko..." akaanza. Neno likasimama mlangoni, likakataa kutoka, likarudi nyuma, likaja tena. Mtu mwingine yeyote angekwishalimalizia.

Ammachi akasubiri mpaka likatoka.