Samaki wa Murongo na Maziwa ya Mama

Kwetu Kibingo, mtu aliyekula samaki hakunywa maziwa. Haikuwa dini wala amri ya serikali. Sote tulikuwa tumebatizwa na bado tuliishika mila hiyo. Samaki na maziwa vikikutana tumboni mwa mtu mmoja, anayeumia ni ng'ombe aliyekamuliwa: chuchu hupasuka, maziwa hukauka. Mama yangu alikuwa mjane, na heshima yake yote ilisimama zizini kwa miguu minne.

Basi ni mimi, mtoto wa nyumba hiyo, niliyekwenda kumwongoza mvuvi.

Alikuwa Mzungu wa migodi ya bati, mtu mrefu, mwenye haya, asiyejua kucheka. Alitaka mtu wa kumpitisha kando ya Mto Kagera, pale Murongo maji yanapovunjika juu ya mawe, asije akamkanyaga mamba. Mimi nilikuwa nimenywesha ng'ombe kwenye mto ule tangu utoto. Kaka yangu alitosha kuchunga peke yake, tena alikuwa na mke. Mimi sikuwa na mke wala zamu. Nikakubali.

Uvuvi wake ulikuwa kichekesho. Hakutumia chambo. Alifunga manyoya ya kuku kwa uzi kwenye kindoana, akaingia majini hadi magotini, akarusha kamba mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayefukuza nyuki. Kiangazi, maji yakiwa maangavu, alifunga manyoya ya kahawia. Mvua za vuli zikileta senene, wale panzi wa kuliwa, alifunga ya kijani, na samaki wakubwa wa magamba mapana waliyarukia. Hata samaki wa Kagera ni Mnyambo kama sisi, hakatai senene. Akimvuta mmoja hadi ukingoni, mimi ndiye niliyemshika huku yeye akimtoa ndoana. Kisha alimrudisha majini.

"Huyu miiba mitupu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha mgodini. "Mimi nataka kumvuta tu. Kula, hapana."

Nilipomsimulia mama aliacha kumenya ndizi.

"Mnashinda mtoni, mnamkamata, halafu mnamwachia?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo Mzungu ana mama yake?"

"Sijui. Lakini mimi sijala, mama. Nimeshika tu."

"Mkono umeshika. Kutoka mkononi hadi mdomoni ni safari ya siku ngapi?"

Tangu siku hiyo chakula changu kiliwekwa juu ya jani la mgomba, ndizi na maharage, upande wa mlangoni, nisije nikagusa chombo cha maziwa. Zizini sikukanyaga. Nilisikia wakikamua, maziwa yakigonga ndani ya ekyanzi, kile chombo cha mti, nami nikameza ndizi zangu kavu nimeukasirikia ulimwengu mzima.

Masika ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Kagera ilifura ikawa nyekundu, samaki hawakuyaona manyoya, na Mzungu akafungasha fimbo zake. Mama aliningojesha mpaka mwezi uandame, akaninawisha mikono kwa maji ya majani machungu, kisha akanimiminia maziwa. Nilikunywa polepole nimekaa karibu naye, akinieleza ng'ombe yupi ana mimba na yupi ana kiburi. Kiangazi kikija nikawa mgeni tena. Mwaka wangu ulikuwa na misimu hiyo miwili tu, wa mto na wa mama.

Siwezi kusema kwamba mtoni nilipata rafiki. Tuliondoka alfajiri kupitia majani marefu, mimi mbele nikipiga ardhi kwa fimbo, yeye nyuma, na adhuhuri ilitukuta bila neno. Alikuwa mpweke, nami nilikuwa mpweke, na hatukuambiana. Nilimwonea huruma, kisha nikajionea mwenyewe, kisha nikakasirika.

Ndipo mbung'o wakaingia. Watu walikuwa wanauhama upande wetu, na vichaka wanamozaliana nzi hao vikafunga mashamba yao. Ng'ombe wetu wakaanza kukonda, machozi yakiwatiririka, manyoya yamesimama. Bwana mifugo wa serikali alisema ni mbung'o. Kaka yangu alisema ni mimi.

"Mwacha mila ni mtumwa," alinitupia mbele ya mkewe. "Na wewe mtumwa wa nani? Wa mtu anayerudisha samaki majini!"

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Masika ikafika. Mkataba wa Mzungu ukaisha, akanipa mkono akarudi kwao, nami nikakaa nyumbani nikingoja. Mwezi ukaandama, mama hakunimiminia. Ukaandama mwingine.

"Subiri," aliniambia. "Wapone kwanza."

Sasa sikuwa na mto wala maziwa. Ng'ombe hawakupona. Walikufa mmoja mmoja, na kila alipokufa mmoja kaka alinitazama mimi, hakuvitazama vichaka. Mwishowe alifunga mizigo akaenda Uganda na mkewe kutafuta vibarua. Hakuniaga.

Tukabaki mama na mimi na ng'ombe jike mmoja mwekundu. Jioni moja mama aliniita zizini. Nilisimama langoni kwa mazoea.

"Ingia," alisema.

Yule ng'ombe alikuwa ameanguka, shingo ameinyoosha chini, anahema kwa shida. Mama alikuwa amechuchumaa kando yake.

"Nilimkamua asubuhi kabla hajaanguka," alisema, akaninyooshea maziwa. Yalikuwa kidogo sana.

"Mama, si ulisema nisubiri wapone?"

"Kunywa, mwanangu. Sasa hakuna wa kudhurika."

Nilikunywa yote, maana nilikuwa nimeyangoja mno. Kama alinihurumia au alinihukumu, sikuthubutu kumwuliza, na hadi namzika sikujua.