Mita Mia Kutoka Mlangoni

Mtaani kwetu mjomba wangu anaitwa Bwana Mita, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na saba kazi yake pale halmashauri ilikuwa moja: kupima umbali kati ya mlango wa baa au duka linalotaka kuuza pombe, na geti la shule au zahanati iliyo karibu. Sheria inataka mita mia. Zikipungua, hata kwa kiasi cha kiganja, anaandika hivyo hivyo zilivyopungua, anakunja tepu yake, anaaga kwa adabu na kwenda zake. Wapo waliomlilia, wapo waliomtukana, na yupo mmoja aliyemfungulia mbwa. Aliandika vilevile, huku suruali imechanika.

Ukimwona huwezi kumdhania kuwa ni mtu wa kuogopwa. Ni mfupi, shati limepigwa pasi likakauka kama bati, kalamu mbili mfukoni, ya pili ya akiba. Kwenye harusi za ukoo ndiye anayeonyesha turubai lisimame wapi, na ole wake atakayesogeza nguzo. Soda ya mwombaji wa leseni hanywi. Maji ya mwombaji hanywi. Hata baa aliyokuwa akikaa mwenyewe na rafiki zake kila Jumamosi aliipima, ikakutwa na mita tisini na sita, ikafungwa, na wale rafiki wakamnunia mwaka mzima. Mama alikuwa akimtania: "Huyu kaka yangu siku akifa ataomba kwanza alipime kaburi." Naye anacheka, anasema kwani kuna ubaya gani, wakimchimbia fupi atalalaje?

Mama ndiye mwenye baa tunayoizungumzia hapa. Si baa ya kutisha: meza sita, kaunta ya mbao, friji mbili na jiko nyuma. Baba alipofariki ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, mimi na wadogo zangu wawili, na mimi nilipoachika nikiwa na miaka ishirini na tisa ndiyo iliyonipokea bila maswali. Leseni ilikuwa ikihuishwa kila mwaka bila maneno, kwa sababu geti la shule lilikuwa upande wa pili, mbali kabisa. Halafu shule ikafungua geti jipya upande wa barabara yetu, ili watoto wasivuke barabara kuu. Jambo jema, nani atalipinga? Ila geti lenyewe lilitokea chini kidogo tu ya mlango wetu, mwalimu mkuu akaandika barua kuipinga leseni, na kamati ya leseni ya halmashauri ikaagiza umbali upimwe upya.

Mjomba alikwenda kwa mkuu wake kusema hawezi, mwombaji ni dada yake wa tumbo moja. Mkuu hakuinua hata kichwa kwenye makaratasi yake. "Mwenzako yuko likizo," alimwambia. "Na wewe unapima lami, humpimi dada yako. Nenda."

Alikuja Jumanne saa tatu asubuhi, kabla hatujafungua. Nilimwamkia, akaitikia huku anatazama viatu vyake. Mama alisema, "Karibu, kaka," kisha akaingia jikoni na hakutoka tena. Kwa kawaida mjomba humtaka mwombaji mwenyewe ashike ncha ya tepu pale mlangoni, kesho asije akalalamika kwamba amepunjwa. Alisimama akisubiri. Kule jikoni maji yalikuwa yakimwagika kwenye sinki, yanamwagika tu.

"Basi shika wewe, mpwa wangu," alisema mwishowe. "Sifuri ikae hapa, kwenye fremu ya nje. Usiivute, usiilegeze."

Nikaishika. Akaanza kutembea kuelekea shuleni, tepu ikimfuata chini kwenye lami. Ni tepu ya mita hamsini, kwa hiyo alitakiwa kuweka alama ya chaki zinapoishia, halafu nimfuate tupime hamsini za pili na zile za ziada. Mlangoni petu pana pazia zito la kuzuia nzi. Ningependa kusema shetani alinipitia, lakini nitakuwa namsingizia. Jambo lenyewe nilikuwa nalo kichwani tangu barua ya mwalimu ilipokuja. Nikaukodolea macho mgongo wa mjomba, nikaanza kurudi nyuma. Hatua ya kwanza, ya pili, pazia likanifunika. Ya tatu. Ya nne, kaunta ikanigota mgongoni. Nilijua akigeuka tu ataona mlango mtupu na tepu imetokezea chini ya pazia, na nilisubiri aniite kwa ule ukali wake. Hakuniita. Tepu ilikaza, ikatulia, kisha nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Alama tayari. Njoo."

Mita mia na moja na nusu. Aliiandika, akatia saini. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono, akauliza, "Mia na moja?" Mjomba akajibu, "Na nusu." Akaondoka bila kuaga. Nilijiambia ana haraka, ana kazi nyingi, na nikafungua baa kama kawaida, ila siku hiyo nilivunja glasi mbili.

Kamati ilikaa wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, katika ukumbi mdogo wa halmashauri wenye viti vya plastiki na feni inayogonga. Orodha ilibandikwa mlangoni. Sisi tulikuwa wa saba. Mbele yetu mwenye duka aliyeomba kuuza bia alikataliwa hata kabla hajamaliza kueleza, akatoka akiwa ameshika kofia yake kifuani. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Nilimwona anasogeza midomo bila sauti.

Zamu yetu ilipofika, mwalimu mkuu alisimama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alininyima hata hilo.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sina ugomvi na mama huyu," alisema. "Wanafunzi wangu wakipita wana kiu huwapa maji. Lakini shule ina kamba ya kupimia uwanja wa mbio, na tumepima mara tatu. Mita tisini na nane na nusu. Mara zote tatu."

Minong'ono ikaenea. Mwenyekiti akainua mkono, akamgeukia mjomba aliyekaa pembeni na faili lake mapajani.

"Mzee wetu, tunakufahamu. Tangu niingie kwenye kamati hii hatujawahi kurudia kipimo chako hata kimoja, na leo hatutaanza kukushindanisha na kamba ya shule. Sema tu kwamba namba yako ni sahihi, tufunge mjadala, mama apewe leseni yake."

Neno moja. Mama alinishika goti, kucha zikanizama. Nilitaka kusimama niseme mwenyewe, wallahi nilitaka, ila nilibaki kwenye kiti. Feni iligonga. Mjomba alisimama taratibu, akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya faili.

"Tepu inashikwa na watu wawili, mheshimiwa," alisema. "Aliye mbele, kabla hajaandika, anapaswa kugeuka amtazame aliyeshika sifuri. Miaka ishirini na saba nimegeuka. Kwa dada yangu sikugeuka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa nitakachokiona."

Diwani mmoja akarukia: "Na aliyeshika sifuri ni nani?"

"Aliyeshika mwacheni," mjomba alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Kazi ya kutazama ilikuwa yangu, mshahara nilipewa mimi. Ile namba ifuteni. Chukueni ya mwalimu."

Wakanong'onezana dakika chache, dakika ambazo kwangu zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Kisha mwenyekiti akasoma: leseni imekataliwa. Tupewe siku thelathini kumaliza vinywaji vilivyopo. Chakula na soda tunaruhusiwa. Mpimaji asimamishwe kazi mpaka suala lake lichunguzwe. Akamwita mwombaji wa nane.

Huko nje kwenye korido mama alimkabili kaka yake mbele za watu. "Neno moja, kaka! Ulikuwa umebakiza neno moja tu. Wamekuomba wenyewe!"

"Najua."

"Umeniua nikiwa hai."

"Najua, mdogo wangu," mjomba alisema. Hakunitazama, na hakunitaja. Alishuka ngazi polepole, mkono ukutani, kama mtu aliyezimikiwa taa.

Sasa tunauza chai, soda na chakula cha mchana. Wateja wa zamani huchungulia, wanaitazama friji, wanasema, "Kumbe mmekuwa kantini," kisha wanaenda kwa wengine. Wachache wanakaa, kwa heshima ya mama. Mjomba hakurudishwa kazini. Walimstaafisha mapema, bila hata keki. Kila Jumapili baada ya chakula hupiga simu. Mama huitazama inavyoita mpaka inakata, kisha anaendelea na shughuli zake. Jina lake limefutika katika nyumba yetu. Hata ule utani wa kaburi hautajwi.

Nilivumilia miezi minne. Jumapili iliyopita tulikuwa jikoni tunamenya viazi, simu ikaita, ikakata, na mimi nikashindwa.

"Mama, usimkasirikie mjomba. Siku ile ni mimi. Nilirudi nyuma na tepu mpaka kwenye kaunta."

Kisu chake hakikusimama. Alimaliza kiazi kile, akakitumbukiza majini, akachukua kingine.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona?"

"Nilikuwa hapa hapa, kwenye hiki kidirisha cha kutolea chakula. Nilikuona unarudi hatua kwa hatua. Ningeweza kukuita. Badala yake nikawa namwomba Mungu usijikwae."

Simu ikaanza kuita tena. Safari hii mama aliacha kumenya. Aliishika mkononi mwake wenye maji, akaitazama.

"Huyu ninamkasirikia nini, mwanangu?" aliuliza. "Niambie tu, nikipokea nianze kusema nini?"