Mama Atapita Wapi?

Kuna asubuhi moja ya Januari, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba ya mama yangu, Machame, ramani mkononi, na miguuni nimevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe kwenye udongo ule mwekundu. Hapo tu ungejua ni mtu wa namna gani aliyekuja kujenga.

Mbele yangu alikuwa Mzee Eliapenda, fundi wa pale kijijini, aliyeijenga nyumba ile tangu mwanzo pamoja na marehemu baba. Aliigeuza ramani yangu, akaigeuza tena, akautazama mlango wa uani, akalitazama banda la ng'ombe kule nyuma, kisha akanirudishia karatasi yangu. Ndipo akauliza, taratibu kabisa, "Sasa mama atapita wapi?"

Nikamjibu, "Mzee, mama atapita mlango wa mbele, kama watu wote."

Alivuta kamba yake akaanza kupima msingi.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja wa ukoo wetu, mwenye shahada mbili na simu kubwa kama kitabu cha nyimbo cha bibi yake, alinionyesha ramani ya kuongeza vyumba kwa mama yake. Nikamuuliza swali lile la Mzee Eliapenda. Akanitazama vilevile nilivyomtazama mzee yule. Nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka, kwa hiyo utanisamehe nikipaza sauti mahali fulani. Nina miaka hamsini na mmoja, umri ambao kwenye vikao vya ukoo wetu bado natumwa kuleta viti. Lakini kwa jambo hili nina kovu, na mwenye kovu nadhani anaruhusiwa kusema.

Unatujua sisi watu wa mlimani. Mwaka mzima tuko Dar, Arusha, Mwanza, tunatafuta. Desemba ikifika tunapanda wote kwa mkupuo, magari yamejaa watoto na mchele, tunakaa siku kumi, tunakula ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, tunateremka. Siku hizo kumi ndizo tunaziita kwenda nyumbani. Na kwa ajili ya siku hizo kumi tunajenga. Pita barabara za kule Machame au Kilema mwezi wa tano uone: majumba yenye nguzo kama mahakama, madirisha yamefungwa, na nyuma ya kila jumba moshi mwembamba unatoka kwenye jiko dogo. Pale penye moshi ndipo penye mtu. Tumewageuza mama zetu walinzi wa vyumba vyetu, na tunataka watushukuru.

Mimi nilikuwa hodari katika ujinga huo. Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mama karibu sabini. Desemba iliyotangulia tulikuwa tumelaza watoto kumi na mmoja sebuleni, na mke wangu alikuwa amepanga foleni ya choo na wajukuu wa mama. Nikatangaza kwamba mwaka unaofuata hakuna tena kulala chini. Vyumba vitatu vitaongezwa, na changu kitakuwa na bafu ndani yake.

Sehemu ya kujenga ilikuwa moja tu. Mbele ni barabara. Upande wa juu, katikati ya migomba, ni makaburi ya baba na babu. Upande wa chini ardhi inateremka hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na wazee wa zamani. Ikabaki nyuma, uani, kipande pekee cha tambarare katika kihamba chetu chote, shamba letu la urithi. Uani hapo mama alikuwa akipita tangu alipoletwa kama bibi harusi. Unafungua mlango wa nyuma, hatua kumi na mbili uko kwenye jiko la kuni, hatua nyingine kumi uko kwa ng'ombe. Alikuwa akiipita njia ile gizani, kwenye ukungu, akiwa mjamzito, akiwa mgonjwa, na pengine akiwa bado usingizini.

Mimi kwenye ramani niliuchukua mlango ule nikaugeuza kuwa mwanzo wa korido. Vyumba viwili kushoto, changu kulia, na mwisho wa korido ukuta, na nyuma ya ukuta bafu langu, lenye dirisha linalotazama kilele cha Kibo. Nilitaka nioge huku nauona mlima. Mtu aliyesoma chuo kikuu anasahau kwamba Desemba yote Kibo kinajifunika mawingu kama mgonjwa wa malaria.

Usifikiri sikumshirikisha mama. Nilimpigia simu nikamuuliza anapenda marumaru za rangi gani bafuni. Alifikiri kidogo akasema zenye maua. Nikanunua zenye maua, nikawasimulia watu kwamba mimi mama yangu namshirikisha katika kila kitu.

Ujenzi ukachukua mwaka, na mwaka ule mama aliuishi ndani yake wakati mimi niliuangalia kwenye picha za simu. Mchanga ulimwagwa pale alipozoea kuanika kahawa. Mifuko ya saruji ililala sebuleni, chini ya picha ya harusi yake. Mwezi wa nne, kwa sababu nilikuwa nahimiza kila siku kwamba Desemba inakaribia, bati za nyuma zilitolewa katikati ya masika ili paa jipya liungane na la zamani. Mzee Eliapenda alipiga simu kusema tungoje mvua zipungue. Nikamwambia afuate ratiba. Mama akahamisha kitanda chake mara tatu, akikimbia maji ndani ya nyumba yake. Tena kila mchana aliwapikia mafundi mtori wa ndizi, maana aliona aibu watu wafanye kazi kwake na njaa. Nilipompigia kumuuliza habari, alisema nyumba inapendeza.

Desemba ikafika. Mchungaji akaja kubariki vyumba vipya, watu wakazunguka wakigusa kuta, wakanisifu mpaka nikaanza kuwaamini. Mama alikaa mbele na kitenge kipya, akapiga makofi pamoja na wageni. Nilimpa na jiko la gesi ili aachane na moshi. Baadaye niligundua kwamba anaweka redio juu yake.

Kulikuwa na kamba Desemba ile. Ilifungwa kwenye kona ya nyumba upande wa chini, ikapita kwenye mparachichi, ikaenda hadi kwenye nguzo ya banda la ng'ombe. Tuliiona wote. Nilidhani ni ya kuanikia nguo, nikatundika taulo langu. Watoto wakatundika soksi. Tuliijaza nguo siku kumi, na mama alikuwa anapita pembeni yake akishika ukuta.

Aprili iliyofuata kazi ilinileta Moshi mjini, nikapanda nyumbani bila kumwambia. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya masika, isiyo na haraka. Nilisimamisha gari, na kabla sijafungua mlango nikamwona. Alitoka mlango wa mbele akiwa na ndoo ya migomba iliyokatwakatwa, amevaa buti za mpira na mfuko wa nailoni kichwani. Akazunguka nyumba upande wa chini, kule kwenye mteremko. Mkono mmoja ndoo, mkono mwingine kamba. Anavuta hatua, anasimama, anavuta nyingine. Njia nzima alikuwa ameimwagia majivu ili isiteleze, na mvua ilikuwa inayasomba kuelekea mfongoni.

Nilibaki ndani ya gari, mwanangu. Nilishuka alipokwisha kuingia bandani.

Nilipompata bandani nilikuwa nimekasirika, na kwa kuwa nilikuwa mpumbavu, nilimkasirikia yeye. Kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima wa ujenzi, kila wiki nakupigia simu, kwa nini hukusema hata siku moja?

Alikuwa amechuchumaa anamkamua ng'ombe. Hakugeuka.

"Uliniuliza marumaru za rangi gani," alisema. "Nikakujibu. Kingine hukuniuliza."

Jioni niliwapigia simu ndugu zangu, mmoja mmoja. Hapa ndipo ninapopaza sauti. Dada yangu wa Dar alisema ng'ombe auzwe, mama sasa apumzike. Kaka yangu alisema atafutwe binti wa kumsaidia, yeye akae ndani. Mdogo wetu alisema ahamie mjini. Watoto wanne wa mama mmoja, wote tumesoma, tulizunguka kila njia ya kupunguza maisha ya mama ili ukuta ubaki. Tulikuwa tayari kumnyang'anya ng'ombe, jiko lake, na hata Machame yenyewe. Ukuta hakuna aliyeutaja. Na nisijitoe: la kuuza ng'ombe nililiunga mkono. Nilimwambia mama usiku uleule, kwa maneno laini ya mtu anayetaka kuiba.

Akaniambia, "Nikishamuuza, asubuhi niamkie nini?"

Nikasema tutaongea kesho. Asubuhi nikajitia uungwana nikachukua ndoo mimi mwenyewe, nimuonyeshe kwamba tatizo si kubwa kiasi hicho. Safari ya kwanza nilifika. Ya pili nilikuwa nawaza maneno ya kumshawishi, nikakanyaga mahali ambapo majivu yalikuwa yameondoka, nikashuka mteremko kwa makalio mpaka karibu na mfongo, migomba yote juu yangu. Mama alinitazama kutoka kwenye kona ya nyumba.

"Shika kamba, baba," alisema. "Kamba ipo."

Aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mgeni maelekezo ya choo kilipo. Nikiwa pale chini kwenye tope ndipo nilipoiona nyumba yangu kutoka mahali anapoiona yeye: ukuta mrefu mweupe, na juu yake dirisha dogo la bafu, linatazama mlima.

Nilimpigia simu Mzee Eliapenda kabla sijabadili suruali. Nikamwambia, shikamoo, naomba uje na nyundo. Akaitikia, kisha akasema, "Nyundo kubwa sikuondoka nayo siku tulipomaliza kazi. Iko bandani kwa mama yako."

Alikuwa ameiacha miezi minne, akijua nitaihitaji. Alipokuja hakunikumbusha maneno yangu ya Januari ile, na heshima hiyo iliniumiza kuliko kama angenitukana. Tulilibomoa bafu. Ukuta wa mwisho wa korido ukawa uwazi, dirisha langu likashushwa likawa mlango, na tundu la choo likazibwa zege. Dada yangu alipopata habari alipiga simu.

"Umebomoa bafu kwa ajili ya ng'ombe?"

"Nimerudisha mlango wa mama," nikamwambia. Hatukuongea hadi Pasaka ya mwaka uliofuata. Ndugu wengine walinicheka Desemba yote, wakawa wanaomba ruhusa ya kuoga na kuonyeshwa mlima. Hata sasa naoga kwa ndoo na kopo uani, kama nilivyooga nikiwa na miaka saba.

Mama sasa ana miaka themanini na mmoja, na ng'ombe ni mjukuu wa yule wa wakati ule. Kila asubuhi ya Desemba naamshwa na buti zake kwenye korido, zinapita karibu na ukuta wa kitandani kwangu. Bomba la kuogea la bafu lile bado limechomoza pale ukutani, ametundika chujio la maziwa. Zile marumaru zenye maua alizozichagua yeye, kwa ajili ya chumba ambacho asingeingia hata mara moja, sasa anazikanyaga kwa buti zenye samadi, kwenda na kurudi. Halafu jioni anazipiga deki mwenyewe. Hataki mtu amsaidie.

Basi nakuambia, mwanangu, na uchukue kama maneno ya mtu aliyeanguka. Usichore chochote Desemba. Desemba nyumba inakudanganya, ina watu wengi na kila mtu anacheka. Nenda mwezi wa nne, au wa saba baridi inapouma. Kaa siku tatu bila mgeni. Amka anapoamka mzazi wako, mfuate nyuma, beba anachobeba, pita anapopita, mpaka miguu yako ichoke pale inapochoka yake. Ndipo uchukue kalamu. Na ukimuuliza kuhusu nyumba yake, usimuulize rangi. Muulize asubuhi yake inaanzia wapi, kisha unyamaze mpaka amalize. Fundi mzee akikuuliza swali dogo, weka ramani chini umjibu vizuri. Ukishakosea, bomoa chako wewe kwanza kabla hujamwambia yeye apunguze chake.

Mungu akujalie kujenga. Akujalie na nafasi ya kuwalaza wote wanaokuja kwa furaha. Mzazi wako akae aione nyumba hiyo ikiisha, na asubuhi ya kwanza atakapoamka ndani yake, miguu yake iujue mlango ulipo kabla macho hayajafunguka vizuri.