Jiko la Mkwe wa Isaka

Isaka alikuwa fundi baiskeli, na kwa baiskeli alijenga nyumba ya matofali, vyumba vitatu, bati juu, hapa Mandewa jirani na kwangu. Hakurithi kitu. Alianza na pampu moja na kopo la gundi kwenye baraza la duka la Kurji, miaka miwili kabla ya Uhuru, akaziba pancha mpaka vidole vikawa vyeusi visivyotakata. Mpole, mzee wa kanisa, hajui kubishana. Ukimtajia bei ya kwanza, analipa. Kwa mtu wa namna hiyo, ofisi ni mahali pabaya.

Mwaka wa sabini na nne watu wa Mungaa waliambiwa wahamie kwenye mistari ya kijiji kipya. Mama mkwe wake, Magdalena, akapewa kiwanja cha vichaka akifyeke mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Mume amekufa, wanawe wawili walikwenda mkonge Tanga wakanyamaza huko huko. Tembe lake likabomolewa. Lea, binti yake, mke wa Isaka, akaenda kumchukua.

Alimleta, lakini nyumbani kwa Isaka hakuingia. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa bintiye. Hata kutazamana hawatazamani. Isaka akipita, mama anageukia ukuta, na Isaka anatazama miguu yake. Basi akalala kwangu, kwa makubaliano. Mimi nauza kuku Dodoma. Lea angenisaidia kufunga matenga, na Isaka angejenga chumba uani kabla ya mvua. Mvua zikianza, matenga yanarudi ndani, na chumba alicholala mama ndicho chumba cha matenga. Nilisema hivyo siku ya kwanza, asije mtu akaniita katili baadaye.

Isaka akaenda kuomba kibali. Mara ya kwanza wakataka barua ya balozi wa nyumba kumi. Mara ya pili, ramani, nakala tatu. Mara ya tatu bwana afya hayupo, yuko kwenye operesheni ya vijiji. Mara ya nne muhuri umefungiwa kabatini na mwenye funguo kaenda msibani Nduguti. Kila siku ya ofisi ni siku ya pancha zisizozibwa. Kurji, ambaye ghorofa lake lilitaifishwa, alimcheka pale barazani.

"Mimi wamechukua ghorofa, wewe wananyima kibanda. Sasa mimi na wewe ndugu kabisa, Isaka."

"Cheka tu, Bwana Kurji," Isaka akasema, akakaa juu ya boksi lake la spana kama mtu aliyetembea toka Manyoni.

Mara ya tano bwana ardhi akaja mwenyewe kukagua. Kijana mwenye kaunda suti, mgeni wa mkoa huu. Alipita chumba hadi chumba, akasimama cha tatu. Lea alikuwa amekifagia na kukimwagia maji kwa heshima ya mgeni. Nilikuwa nimemwambia akijaze magunia. Hakusikia.

"Humu analala nani?"

"Hakuna mtu," Isaka akajibu.

"Basi ndugu, mkwe wako ana chumba. Kwetu mkwe analala ndani na asubuhi tunakunywa naye chai."

"Kwenu ni kwenu, bwana. Huku haiwezekani."

"Ninachoona mimi ni mtu mwenye nyumba anayetaka nyumba ya pili apangishe. Serikali haitaki makabaila."

Isaka akatazama vidole vyake. Sijui kama kuna kabaila mwingine nchi hii mwenye vidole vile. Kijana akafunga faili, na mawingu yalikuwa yameshakaa upande wa mashariki, kwa hiyo nikaingia mimi. Nilikuwa nataka chumba changu.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Jiko la nje linaruhusiwa?"

"Jiko linaruhusiwa. Tunayo ramani yake tayari."

"Lenye mlango?"

"Mlango upo."

"Na mpishi akichoka, aweza kukaa humo?"

"Kukaa anaweza."

"Akisinzia?"

Kijana akaweka kalamu chini. "Mama, mimi sipimi usingizi wa watu."

"Basi mwandikie jiko."

Akaandika. Isaka akatia sahihi taratibu, kama mtu anayeungama. Siku nane matofali yakapanda, futi kumi kwa nane, na Lea akajenga mafiga kwenye kona, kibali kisije kikawa uongo mtupu.

Tukamleta Magdalena. Akapapasa fremu ya mlango, akanyoosha mkono mbele.

"Mlango huu unatazama wapi?"

"Nyumbani, mama," Lea akasema. "Ndivyo ramani ilivyo."

"Mlango wa nyuma wa mume wako?"

Lea akamshika mkono, mama akauondoa.

"Niamke kila siku nitazamane na mlango wa mkwe wangu? Nirudisheni Mungaa nikalale kichakani." Akakaa chini pale pale, akajifunika khanga kichwani.

Isaka, aliyekuwa amejibanza nyuma ya choo asionekane, akanifuata kwangu. "Niende tena, Mama Kristina? Niwaambie wageuze?"

"Uwaambie nini? Jiko lililogeukia mahindi ya jirani? Watajua mara moja si jiko."

Matone ya kwanza yakagonga bati. Nilianza kuingiza matenga, na sikumtazama.

Isaka akaenda uani, akachukua matofali yaliyobaki na udongo uliobaki, akaanza kuziba mlango wake wa nyuma. Alifanya kazi hiyo mvua ikimnyeshea, mgongo kwa mkwe wake, naye mkwe amejifunika. Kuziba mlango hakuhitaji kibali. Nilikuja kuuliza.

Lea alipompapasisha mama ule ukuta mbichi, Magdalena akainuka, akaingia jikoni, akalala.

Akaishi humo miaka minne. Choo na bomba vilikuwa nyuma, kwa hiyo Isaka alitokea mlango wa mbele na ndoo yake, akazunguka nyumba nzima, jua au tope, na akifika kwenye kona alikohoa mara mbili, mama apate kugeuka.